Fundi Mishale, Mtengeneza Geji za Magari ya Zamani

Ndugu, jamaa na majirani, mtu tunayemsindikiza leo aliitwa Fundi Mishale hata nyumbani kwake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mama yake alikuwa mshonaji, baba yake dereva wa ofisi. Siku ambazo gari la ofisi lililala kwao, mtoto aliruhusiwa kukaa kiti cha mbele, mikono mapajani, asiguse kitu. Wenzake walitamani usukani. Yeye alikodolea macho dashibodi: mshale wa mwendo, wa mafuta, wa joto la injini. Mchana mmoja chakula kilipochelewa alimvuta mama yake gauni akasema, "Mama, mshale umelala kabisa." Mama alicheka mpaka mwiko ukamponyoka, akampakulia kabla ya wengine. Jina la Mishale likamganda tangu hapo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akaendelea na sekondari, na mwaka 1975 akaingia chuo cha ufundi kusomea umakanika. Kwenye injini hakung'ara. Alikuwa mwembamba kama ufito, na kila gia boksi ilipotakiwa kunyanyuliwa wenzake walimwambia akae kando asije akavunjika. Lakini mwalimu wa umeme wa magari alimkuta siku moja amefungua spidomita iliyotupwa, anaung'oa mshale kwa vijiko viwili vya chai, polepole, bila kuupinda.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna, mwalimu. Niliogopa kutumia bisibisi."

"Basi endelea kuogopa hivyohivyo," mwalimu akamwambia, akamhamishia meza ya geji.

Mwaka 1978 aliajiriwa na kampuni ya mabasi, katika chumba kidogo cha geji kilichopakana na stoo ya matairi. Humo ndimo mke wake alimomkuta. Alikuwa muuguzi kijana wa zahanati ya jirani, amekuja ameshika kipimo cha presha ambacho mshale wake ulikuwa umekwama. Mlinzi wa geti alimwambia hapa ni karakana, si hospitali. Marehemu akasikia, akatoka mlangoni.

"Mlete tu. Mshale ni mshale."

Alikitengeneza mbele ya macho yake. Ili kukijaribu, muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akapuliza, akatazama, akakunja uso. "Kaka, presha yako iko juu."

"Sista, haikuwa juu kabla hujaingia."

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Miaka yote alimwita Sista, na yeye akamwita Fundi. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kampuni ilipofungwa mwaka 1996, wenzake waliondoka na spana na jeki. Yeye aliomba sanduku la geji mbovu, akalisukuma kwa toroli mpaka nyumbani, na meza ya kulia ikahamishiwa chini ya dirisha la sebule. Tangu siku hiyo familia ilikula mapajani. Wenye magari ya zamani walimtafuta kutoka mbali. Alivua pete ya kromu, akasafisha kioo, akarudishia namba zilizofifia kwa brashi yenye vinyweleo vichache, na akizichora alibana pumzi. Mwenye mafua alihamia uani bila kuambiwa.

Geji ambazo magari yake yalishakufa hakuzitupa. Spidomita alizitia mashine za saa zikatundikwa ukutani. Geji ya joto ya lori iliishia zahanati, ikipima maji ya kuogeshea watoto wachanga. Mteja mmoja aliyetaka geji zake zipakwe rangi ya waridi alikatazwa, akabembeleza, akakataliwa tena, kisha akapakiwa. Marehemu alikiri kwamba zilipendeza, ila aliomba asitajwe kuwa ndiye fundi.

Mwaka 2003 zahanati ilipunguza watu, na Sista akapata kazi ng'ambo, katika nyumba ya kutunzia wazee. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Marehemu alimsindikiza uwanja wa ndege, akarudi, akakaa mezani bila kufungua kitu. Jumapili iliyofuata alichukua geji ya mafuta ya teksi ya zamani, akakwangua picha ya pampu, mahali pake akachora sanduku dogo la safari. Akaiunganisha na chaja ya simu na swichi ya kuzungusha iliyotoka kwenye redio mbovu, akaitundika jikoni. Kila Sista alipopiga simu, marehemu aliuinua mshale kidogo. Ukijaa, mama amefika. Watoto walielewa bila maelezo. Jirani ndiye hakuelewa. Aliingia kuomba chumvi, akatazama ukutani, akasema, "Jamani, gesi yenu imebaki nusu, mtapika kesho?"

Mshale ulikuwa umekaribia kujaa pale simu ilipoleta habari nyingine. Mkataba umeongezwa, binti anaingia chuo, itabidi Sista abaki. Marehemu alisikiliza, akasema "sawa, Sista," akaagana naye vizuri. Kisha akaenda jikoni akauzungusha mshale kurudi kushoto.

"Baba, umekosea?" binti akauliza.

"Sijakosea, mama. Safari imerefuka."

Ilirefuka tena na tena. Alijifunza kumsuka nywele mama yake mzee, aliyehamia kwao, akasuka vibaya, akajifunza upya. Nguo za mke wake alizianika juani kila mwezi, akazikunja, akazirudisha kabatini. Alisema ni kwa sababu ya nondo. Wakati fulani Sista alimsihi amfuate.

"Njoo huku, Fundi. Nimechoka kula peke yangu."

"Nije nifanye nini? Magari ya huko umeniambia yana tivii mahali pa geji."

"Uje ukae na mimi."

Marehemu alitazama mlango wa ndani. Mama yake alikuwa hajiwezi tena, yuko chumba cha pili, na mtoto wa kiume bado yuko shule. "Nikiondoka mimi, Sista, utarudi kwa nani?" Baada ya hapo hawakuzungumzia tena jambo hilo, lakini wote wawili walilibeba.

Sista alirudi kabisa mwezi wa Juni 2014. Alikuta mshale umejaa na vumbi jembamba juu ya kioo.

"Huu umejaa lini?"

"Tangu uliponiambia umekata tiketi. Nilishindwa kuvumilia."

Marehemu aliitoa geji ukutani siku hiyohiyo, akamkabidhi mwanawe aifungue atoe vipuri. Wiki za kwanza walioneana haya kama wageni. Alimkaribisha mke wake kiti katika nyumba yake mwenyewe. Sista aliomba ruhusa kabla ya kufungua friji. Kisha wakaanza kugombania redio, na watoto wakajua mambo yamekaa sawa.

Mwaka 2019 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa neva, kwamba dawa zingeupunguza mwendo tu. Hakulalamika, lakini alipopinda mshale kwa mara ya kwanza maishani mwake alisogeza kiti nyuma akakaa akitazama nje. Sista akavuta kiti kingine, akachukua vile vijiko viwili vya chai.

"Niambie nifanye nini."

"Ingiza pande zote mbili. Usivute. Nyanyua kama unayemwamsha mtoto."

Mshale ukatoka mzima. Tangu hapo alikuwa yeye mwenye kushika, marehemu mwenye kusema, na kazi hazikukoma hadi sauti ilipofifia. Walikaa mezani bega kwa bega, asubuhi baada ya asubuhi, na Sista anasema hiyo ndiyo miaka aliyokuwa akiiota ng'ambo.

Mwezi wa Agosti 2023 alishindwa kuinuka kitandani. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Septemba, mke wake alifungua pazia, akamfuta uso, akageuka kutoka.

"Usiende mbali," marehemu akasema.

"Naenda jikoni tu, Fundi. Nikuchemshie chai."

"Hata jikoni ni mbali."

Sista alirudi akaketi pembeni yake, akamshika mkono uliokuwa ukitetemeka. Chai haikuchemshwa siku ile. Mchana mkono ulitulia ndani ya mkono wake, na marehemu akatutoka.

Ameacha mjane, binti na mkwewe, mtoto wa kiume, mjukuu mmoja wa kike, na mdogo wake wa kike anayewasomea maneno haya.

Mungu ampe mapumziko ya amani, na ampe mjane wake nguvu ya kuisubiri siku watakayokutana tena.