Anayewasha Kiko cha Bibi

Wewe msomaji, ulimwona mtoto akivuta ukageuza macho.

Jana, ndani ya basi dogo la Kamembe, Bibi Concessa alimwambia mchuuzi wa Bukavu aliyeketi naye: "Nimeitwa shuleni. Mujukuu wangu Reine amekutwa na sigara." "Nani alimufundisha, Koko?" mchuuzi akauliza, akimwita bibi kwa Kilingala. "Ni mimi. Tangu mudogo ananiwashia kiko kwa kaa la moto jikoni. Anavuta kwanza ili moto ushike, na mimi namusifu."

Mimi niliyeketi nyuma yao, miaka thelathini nasikia watu wakilaumu mtaa mtoto akivuta. Huyu ndiye wa kwanza kujitaja.

"Basi ukitupe hicho kiko!" mchuuzi akasema. "Ni cha marehemu muzee wangu, Maman." "Haya, ukiweke. Lakini Reine umuombe musamaha." Bibi akakipapasa kiko mfukoni mwake. Basi likasimama Gihundwe, penye shule ya Reine.

Wewe unayewashiwa kiko na mtoto, mwite sasa hivi, umpokonye hilo kaa la moto, umwombe radhi.