'Mamolefi wa Pitseng, Aliyesubiri Pamoja na Mkamwana Wake

Wasikilizaji wapendwa, kama chungu kiko jikoni, punguzeni moto kidogo, kisha sogeeni karibu na redio. Saa hii ni ya kumkumbuka mwenzetu.

Leo tunamkumbuka 'Mamolefi Sekete wa hapa Pitseng. Alifariki Jumanne iliyopita. Jumamosi tukamzika. Ni 'Mamolefi Sekete, mama yake Molefi, yule kijana anayenyoa kondoo huko milimani. Wengi mlimjua kwa pichi alizokuwa akianika juu ya bati, na kwa jinsi alivyowafukuza kuku wenu bila kuwarushia jiwe.

Lakini leo hatutazungumza sana habari za pichi. Tutazungumza habari za mkamwana wake, Puleng. Puleng mwenyewe ameomba tusimulie. Ameniambia, "Bibi, yaseme yote. Kuna mwanamke mahali fulani anasikiliza huku amejifungia chumbani."

Basi tuyaseme.

Puleng aliolewa hapa Pitseng akitokea Mapoteng. Alipofika, kondoo alichinjwa kama ilivyo ada, akala nyama ya kwao kupya, akahesabiwa mtu wa nyumba. Siku hiyo hiyo akapewa jina. Shangazi yake Molefi, 'Mapheko, alisimama na blanketi lake begani akatangaza: "Kuanzia leo huyu ni 'Matefo! Ni mama yake Tefo!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Tefo alikuwa baba yake Molefi, marehemu. Mjukuu wa kwanza ndiye angelirithi jina lake. Ninyi mnajua, kwetu jina hutangulia, mtoto hufuata.

Wasikilizaji wapendwa, jina lilitangulia. Mtoto hakufuata.

Mwaka wa kwanza watu walicheka tu. Mwaka wa pili wakaanza kutazama tumbo kabla ya kutazama uso. Kila asubuhi Puleng aliitwa mama wa mtu asiyekuwepo. "'Matefo, leta maji." "'Matefo, mbuzi wameingia kwenye mahindi." Jina lilimpiga kama mlango unaogongwa na mtu asiyeingia.

Na mwili wake ulikuwa na mambo yake. Hedhi ilikaa miezi bila kuja, kisha ikaja kwa fujo. Unene uliongezeka hata alipokula kidogo. Chunusi zilimrudia kama msichana wa shule. Kisha zikaota nywele kidevuni, nyeusi, ngumu. Kila alfajiri alizunguka nyuma ya nyumba na wembe na kipande cha kioo, akazinyoa akihofia kuonekana.

'Mamolefi alimwona mara moja tu.  Tangu siku hiyo, kila alipotaka kupita nyuma ya nyumba alfajiri, alikohoa kwanza. Alikohoa kwa nguvu, tena akiwa mbali. Puleng anasema, "Nilidhani mama ana kifua. Nikawa namchemshia majani ya dawa. Naye akayanywa yote, machungu yale, asinieleze kwamba haumwi."

Huyo ndiye tunayemkumbuka.

Sasa lilitokea kosa. Lilikuwa kosa la mapenzi, lakini kosa ni kosa.

Palikuwa na sherehe nyumbani kwa shangazi 'Mapheko. Watu wameshiba, na pombe ya mtama imewachangamsha. 'Mapheko akamwita Puleng mbele ya watu. "Wewe 'Matefo! Huyu Tefo amekosa gari huko aliko? Tumtumie nauli?"

Watu wakaangua kicheko. Puleng naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini mkono ulioshika sinia ulikuwa ukitetemeka, na 'Mamolefi aliuona mkono ule.

Kesho yake asubuhi 'Mamolefi alisimama mlangoni akaita, "Puleng! Puleng, mwanangu, njoo unywe uji."

Alimwita Puleng, lile jina la kwao. Tangu kondoo yule achinjwe, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwita Puleng.

Kabla ya harusi, mama mzazi wa Puleng, ambaye sasa ni marehemu, alimwonya hivi: "Siku mama mkwe atakapokuita jina la kwetu, usisubiri kuambiwa. Anza kukunja blanketi zako." Kwetu ndivyo anavyorudishwa mwanamke. Hafukuzwi. Anapokonywa jina tu, mengine anayamalizia mwenyewe.

Siku hiyo Puleng alikwenda akanywa uji. Siku ya pili akaitwa tena Puleng. Molefi alikuwa mbali kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, na simu huko haishiki. Hakuwa na wa kumuuliza.  Kila gari lililopunguza mwendo barabarani, alidhani ni mjomba wake amekuja kumchukua.

Siku ya tatu akakunja blanketi zake.

'Mamolefi alimkuta amekaa kitandani, blanketi zimefungwa kwa kamba, mikono mapajani. Puleng ametusimulia mazungumzo hayo neno kwa neno.

"Unakwenda wapi, Puleng?"

"Mjomba anakuja lini, mama? Niambie tu. Nisikutwe sijaoga."

"Mjomba gani?"

"Mliyemwita anichukue."

"Nani kamwita mjomba wako? Mtu mwenyewe anakula kuku mzima, mimi nitamlisha nini?"

Puleng hakucheka. "Mama, umeniondolea jina. Mimi si mtoto. Najua maana yake."

Hapo 'Mamolefi alikaa chini, sakafuni, na magoti yale mabovu mnayoyajua. Akajifunika uso kwa shali. Alipofunua, machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "mimi niliitwa 'Mamolefi miaka mingi kabla Molefi hajazaliwa. Mama mkwe wangu aliniita jina hilo kutwa. Ningekuwa mbwa ningemng'ata. Nikaapa kwamba mkamwana wangu sitamchoma hivyo. Juzi nikauona mkono wako na lile sinia. Nikasema, basi, ngoja nilitue jina hili, apumue. Kumbe nilikuwa nakukaba."

Wakalia wote wawili. Kisha 'Mamolefi akasema, "Fungua hizo blanketi, zitanuka unyevu. Kesho tunakwenda hospitali. Na huko utaitwa 'Matefo Sekete, watake wasitake."

Wasikilizaji wapendwa, wakaenda.

Muuguzi aliyewapokea ni dada Nthabeleng. Puleng aliulizwa hali yake akashindwa kusema.  'Mamolefi akasema kwa niaba yake, yote, hadi habari ya wembe. Hapo ndipo Puleng alipojua maana ya kile kikohozi.

"Dada," 'Mamolefi akauliza, "je, ni mkosi? Kuna mtu katutupia kitu?"

"Mama, mkosi hauonekani kwenye mashine. Hiki kinaonekana."

Walimpima damu, wakamtazama tumboni kwa mashine. Daktari akawaeleza taratibu. Nami nayarudia taratibu, kwa sababu ndiyo maana tumekaa hapa. Kuna hali inayowapata wanawake wengi. Homoni zinapoteza mizani. Mayai kwenye ovari yanaanza kukua, lakini mara nyingi hayapevuki wala hayatoki, yanabaki kama vijifuko vidogo vidogo. Ndiyo maana hedhi hukawia. Ndiyo maana nywele huota kidevuni. Haikuletwa na dhambi, wala mtu hakumroga. Si utasa pia. Wengi wenye hali hii hupata watoto, baadhi kwa msaada wa dawa.

Wengi, alisema daktari. Hakusema wote. Puleng alilisikia neno hilo na hofu ikahamia hapo.

Daktari akataka Molefi naye apimwe. Molefi aliposhuka kutoka milimani akapimwa, akakutwa mzima. Puleng akaambiwa apunguze ugali na sukari, atembee kila siku. 'Mamolefi akatembea naye, magoti na yote, wakienda hadi mtoni na kurudi. Watu wakauliza, "Mnafuata nini huko?" Akawajibu, "Tunafuata hamu ya kula, ninyi mnayo ya bure." Baada ya miezi Puleng akaanzishiwa vidonge vya kusaidia mayai kupevuka.

Shangazi 'Mapheko hakuchoka. Siku moja akapita getini. "Tefo bado yuko stendi?"

"Njia ya huko ni mbovu, wifi," akajibu 'Mamolefi bila kuinua kichwa kwenye pichi zake. "Hata wewe ulichelewa, ukaja na Pheko mwenye kichwa kama boga."

Mwenyewe 'Mapheko aliniambia hayo msibani, akicheka na kulia pamoja.

Kisha hedhi ilikawia. Puleng hakumwambia mtu. Alitembea kama aliyebeba mayai kwenye aproni. Akaanza kuota, akaanza kutaja jina kimyakimya. Halafu damu ikaja, asubuhi moja akifua. Aliiacha nguo kwenye beseni, akaenda kukaa zizini kati ya kondoo, akasema hatameza tena kidonge hata kimoja.

'Mamolefi hakumfuata zizini. Aliwaita watu wa ukoo. Shangazi 'Mapheko alikuwepo. Wakakaa uani. Alipowaona wametulia, akamwita Puleng kwa sauti, "'Matefo! Njoo ukae hapa karibu nami."

Kisha akawaambia, na maneno haya tumeyapata kwa watu watatu, wote wameyasema sawa: "Jina tulilompa huyu si deni la mtoto. Tulimpa ili awe wetu. Mtoto akija, huyu ni 'Matefo. Asipokuja, huyu ni 'Matefo. Mimi nikifa, na mtu akamwita vinginevyo katika uwanja huu, nitafufuka nije nimkoholee dirishani."

Watu walicheka. Puleng hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la shali ya mama mkwe wake, kama mtoto anayeogopa ng'ombe.

Nataka mlisikie hili vizuri. Aliyasema hayo kabla hakujawa na mimba. Narudia. Aliyasema wakati hakuna mtu aliyejua kama itakuja.

Puleng akarudia vidonge. Na mwaka huu, baridi ilipoanza, mimba ikashika.

Wakati huo moyo wa 'Mamolefi ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Mmoja yuko kitandani, mwingine ana tumbo, na kila mmoja akimchungulia mwenzake kama bado anapumua. Jioni moja 'Mamolefi akauliza, "Unaogopa?"

"Naogopa sana, mama. Kila nikienda chooni naogopa."

"Na mimi naogopa. Sitaki kukudanganya kwamba najua yatakavyokuwa. Basi tuogope wote, nipe mkono."

Molefi anasema aliwakuta hivyo, wameshikana mikono, uji umepoa kando. Jumanne iliyofuata mama yake hakuamka.

'Mamolefi Sekete hakumwona mjukuu. Hatujui kama ni Tefo au ni msichana. Dada Nthabeleng anasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Miezi bado ipo. Puleng halali vizuri. Mtoto akitulia kidogo tu tumboni, yeye anasimama kwa hofu.

Kwa Molefi, kwa shangazi 'Mapheko, na kwa ukoo wote wa Sekete, tunasema poleni sana. Mungu awashike pale mikono ya mama ilipoachia. Na kwako 'Matefo, binti yetu, pole. Umefiwa na mama mara ya pili.

Nanyi mnaosikiliza, ninyi ambao hedhi hukawia, ninyi wenye wembe nyuma ya nyumba, nendeni hospitali. Tumaini lipo. Usiende peke yako kama kuna mtu wa kukushika mkono. Na ninyi wakwe, mawifi na majirani, tafakarini. Nilipoondoka msibani nilitaka kumpongeza 'Matefo kwa tumbo lile. Akanizuia kwa upole.

"Bibi," akasema, "msinipongeze bado. Niulizeni tu kama nimekula."

Basi nikamuuliza. Hakuwa amekula. Tukaenda jikoni.