Mama Mkwe Atakaa Wapi

Kijiwe cha Tuwan, Kitale, ni ubao mmoja juu ya matairi mawili, mbele ya birika la kahawa la Mary Ann. Asubuhi hiyo Hesbon aliukalia kama mtu anayengoja hukumu. Mkewe Nangila alikuwa hospitali, apasuliwe saa nane mchana, na ombi lake lilikuwa moja tu: amwone mama yake kwanza. Mama alikuwa Kamukuywa, goti bovu, bodaboda hapandi, teksi ameikataa: ati mkwe ana gari jipya, kwa nini abebwe na wa kukodi? Gari lenyewe lilikuwa pale, jekundu, limelala chini kama sahani, milango miwili. Na kwa Wabukusu, mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe, hata mbingu ziporomoke.

— Hakuna shida, alisema Muturi, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kushika spana. Hiyo ni GT. GT ni gari ya safari ndefu bana. Kiti laini, nafasi ya mizigo, na viti viwili vidogo huko nyuma. Mama nyuma, wewe mbele, mila imeheshimiwa.

— Viti gani? akadakia Walubengo, aitwaye Londoni kwa sababu alifika Malaba akarudi na kofia. Hiyo gari ni sports, ya kukata kona. Huko nyuma ni rafu ya mkate.

— Si imeandikwa GT?

— Hata mkokoteni wangu umeandikwa Simba. Unanguruma?

Hesbon hakucheka. Gari lake la zamani, lenye kiti kirefu cha nyuma, aliliuza ili apate hili. Nangila alimuuliza siku ile: "Na watu watakaa wapi?" Akamjibu kwamba wanawake hawaelewi magari.

— Sports lazima uiname kuingia, Londoni aliendelea. Mtaka cha mvunguni! Na mama ana goti.

— Ndio nasema ni GT! Ilitengenezewa wazee matajiri wa Ulaya. Mlango unawasalimia, kiti kinawauliza habari ya ng'ombe.

— Jamani, ni saa tano, Hesbon akasema.

— Tulia, mzee, Injinia akamwambia. Penye wazee hapaharibiki neno. Tutundike pazia katikati. Mama hajakaa na wewe, amekaa na kitambaa.

— Na gia ataishikaje? Londoni akauliza.

— Si anapapasa tu.

— Apapase nini, wewe, karibu na mama mkwe?

Ubao ulitikisika kwa vicheko. Ndipo Rosaline, dada yake Nangila, akatokea upande wa hospitali, anahema.

— Shemeji, wamesogeza saa. Anaingizwa saa saba. Anauliza mama amefika wapi.

Rosaline akawageukia wa ubaoni.

— Basi shemeji abaki, mmoja wenu amfuate mama. Si nyinyi ndio wataalamu? Nani hapa anajua kuendesha?

Injinia alichungulia kikombe chake. Londoni akavua kofia, akaitazama ndani. Hesbon alitoa ufunguo. Ukapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiusifu uzito wake, mpaka mwisho wa ubao. Kisha ukaanza kurudi, mkono kwa mkono, ukamfikia Hesbon ukiwa na joto.