Faili la Mkunga

Benchi letu liko nje ya duka la Muhuri, mchonga mihuri na mpiga fotokopi, kati ya mlango na mtaro. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne na birika la kahawa: Muhuri mwenyewe; Giaboksi, dereva mstaafu wa lori; Waya, fundi kompyuta; na mimi, wanayeniita Msomi. Mke wangu, mkunga, alifariki miezi minne iliyopita. Aliacha kitabu cha kufundishia wakunga, kazi ya miaka kumi na miwili, ndani ya faili moja. Chuo chake kilikubali kukichapa, mradi kifike siku hiyo katika muundo ambao mashine zao zinausoma. Faili lilikuwa limegoma.

— Jana lilifunguka nusu, alisema Waya. Nani kaligusa?

— Mimi, akajibu Muhuri. Nilibadilisha mwisho wa jina tu. Niliondoa herufi za zamani, nikaweka za kisasa.

— Ukiandika “ambulensi” kwenye mkokoteni, utabeba wagonjwa? akauliza Waya.

— Jina jema hung'ara gizani, bwana.

Waya akalirudishia jina lake. Skrini ikajaa visanduku na alama za kuuliza. Katikati yake kulikuwa na maneno matatu mazima: mkono, subiri, maji.

— Faili za siku hizi ni kama sanduku la safari, alisema Waya. Ukifungua, maneno yako huku, mitindo ya herufi kule, picha pembeni, na orodha inakwambia kipi kiko wapi. Mataifa yalikaa, yakakubaliana, yakaandika maelfu ya kurasa. Fundi yeyote anaweza kuzifuata. Hili la shemeji ni la kabla ya hapo. Muundo wake waliujua wenye programu peke yao, na kampuni yao ilishakufa.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Giaboksi.

Hakuna aliyenitazama.

— Nasema kampuni, Msomi.

— Nimeelewa.

Muhuri akaingilia kati:

— Hayo mataifa yalikubaliana muundo mmoja?

— Miwili. Kila kambi ilipitisha wake.

— Sasa hayo ni makubaliano au talaka?

— Mnachekesha, alisema Giaboksi. Maelfu ya kurasa ziliandikwa ili asizisome mtu. Wauza kompyuta wanakutana kila miaka kumi, wanapanga tusiweze kusoma tulichoandika juzi.

— Na wanaanza na maandishi ya marehemu, akaongeza Muhuri, maana marehemu halalamiki. Wakimaliza watahamia kwenye vyeti vya kuzaliwa. Utaamka uambiwe hujazaliwa.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Giaboksi.

— Nani kaharakisha?

— Wewe, uliyebadilisha jina.

Waya alifunga kompyuta.

— Nipe wiki mbili, kaka. Nitalichokonoa neno kwa neno.

— Chuo kinafunga mlango leo, nikasema.

Wakati huo akafika mkunga kijana aliyevaa sare, mwanafunzi wa mwisho wa mke wangu. Chuo kilikuwa kimemtuma achukue faili. Alitusalimia wote shikamoo, akamsikiliza Waya hadi mwisho, kisha akatoa daftari na kalamu mkobani.

— Baba, tusikae bure, alisema. Watapokea hata sura mbili za kuandikwa kwa mkono, nyingine zitafuata. Mwalimu alituambia kila jioni alikuwa anaandika nyumbani, na wewe ukiwepo. Tuanze na sura alizokusomea. Ni zipi?

Alikuwa ameshafungua ukurasa mpya. Giaboksi aliangalia viatu vyake. Muhuri aliniongezea kahawa katika kikombe kilichokuwa kimejaa.

Meza aliyoandikia mke wangu ilikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti changu, na sikuwahi kumwomba anisomee hata ukurasa mmoja.