Skafu ya Njano

EPIPHANIE: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

PELAGIA: Mama Alida! Ni mimi, Pelagia wa kule Katy. Mama Ndeshi! Nimebadilisha laini.

EPIPHANIE: Ah. Mama Ndeshi.

PELAGIA: Umepotea, dada! Hata misa ya Kiswahili hatukuoni siku hizi.

EPIPHANIE: Nipo. Jumapili hotelini ndiyo siku ya mashuka mengi. Hata sasa niko break, nimeingia alfajiri. Sema haraka, mashine zinaningoja.

PELAGIA: Na mimi nina-drive, nampeleka Ndeshi shule. Nimekuweka spika. Huko kwenu Gulfton wazima? Mumeo Thaddée?

EPIPHANIE: Mzima. Yuko kazini, ghalani.

PELAGIA: Na Alida wangu?

EPIPHANIE: Wako?

PELAGIA: [anacheka] Mtoto wa mwenzio si wako? Sikia, ile wiki yetu ya kuchagua shule imefika tena. Sherehe ni Jumamosi hii, ukumbi uleule wa Stafford. Mwaka huu kamati ya wazazi wa shule ya Ndeshi nimepewa mimi, kwa hiyo nataka familia nyingi, watu wajae. Alida acheze kama mwaka jana. Watu walitoa machozi, dada! Na Thaddée aje na wenzake, walete zile ngoma kubwa—

EPIPHANIE: Na skafu?

PELAGIA: Zipo! Njano zilezile. Kila mtu anafungwa yake mlangoni.

EPIPHANIE: Alida anazo. Anazo mbili.

PELAGIA: Mbili? Si mlikuja mara moja tu?

EPIPHANIE: Ya pili alipewa Agosti.

PELAGIA: Agosti hatukuwa na— haloo? Inakatakata, nimepita chini ya daraja.

EPIPHANIE: Nimesema Agosti. Siku ya kufungua shule. Nilimleta Alida.

PELAGIA: Ulimleta wapi?

EPIPHANIE: Shuleni kwenu. Nimemnunulia sketi ya buluu, shati jeupe, nimemsuka. Tumepanda basi, kufika huko basi la Stafford hakuna, tukamalizia kwa miguu, magari yanatupigia honi. Mtoto anaimba njia nzima! Tunafika, anayefungua mlango ni yule mama wa Kizungu aliyetufunga skafu. Akanikumbatia, Mama Ndeshi. Akamkumbuka Alida alivyocheza. Halafu akakaa kwenye kompyuta atafute jina. Anatafuta, anatafuta—

PELAGIA: Lakini dada... hamku-apply?

EPIPHANIE: Kwani wewe hukujua?

PELAGIA: Mimi nilijua mmejaza fomu! Ni mtandaoni, kitu kidogo tu—

EPIPHANIE: Kule kambini Nyarugusu, wakitaka kutuhesabu tulikuwa tunapanga mstari. Unafika mbele, unapakwa wino kidoleni. Ukishapakwa, umeingia. Chakula utapata, mtoto shule atapata, hakuna mtu wa kukuuliza tena. Sasa wewe baada ya misa ukaniambia, "Njooni Jumamosi mchague shule." Tukaja. Tukapanga mstari. Tukafungwa skafu. Mimi nikajua wino ndio huo.

PELAGIA: Jamani, Mama Alida...

EPIPHANIE: Ile skafu nimeifua, nimeipiga pasi, nimeiweka pamoja na makaratasi yetu ya uhamiaji. Mjinga kabisa mimi.

PELAGIA: Usijiseme hivyo. Si ungeniuliza tu?

EPIPHANIE: Nilikuuliza! Pale kwenye meza ya pilau nilikuuliza, "Mama Ndeshi, tumemaliza?" Ukanijibu, "Mmemaliza, shoga yangu, kuleni."

PELAGIA: Watu walikuwa wengi siku ile.

EPIPHANIE: Watu walikuwa wengi. Nafasi ndizo zilikuwa chache.

PELAGIA: Unataka kusema nini?

EPIPHANIE: Sijasema kitu. Kwani huko kwenu Katy hakuna shule, mpaka Ndeshi aje Stafford?

PELAGIA: Zipo, ila hii ni ndogo, walimu wanamjua mtoto... Dada, majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu. Sikumnyang'anya mtu nafasi yake.

EPIPHANIE: Nani kasema umenyang'anya?

PELAGIA: [anashusha pumzi] Ungenipigia simu Agosti ileile.

EPIPHANIE: Nikupigie nikwambie nini? Yule mama alimwonea huruma mtoto, akamfunga skafu nyingine, tukarudi nayo. Alida hata hakulia. Kasema, "It's okay, Mama." Siku hizi kwake kila kitu ni okay. Bora angelia, nikamnyamazisha.

PELAGIA: Pole, dada. Pole sana.

EPIPHANIE: Nimeshapoa. Sasa nieleze. Huko mtandaoni naingia vipi? Leo Thaddée akirudi tunajaza, hatulali.

PELAGIA: [kimya]

EPIPHANIE: Haloo? Umepotea tena?

PELAGIA: Nipo. Fomu imefungwa, dada. Ijumaa iliyopita.

EPIPHANIE: Na sherehe ni Jumamosi hii.

PELAGIA: Ndiyo.

EPIPHANIE: Sherehe ya kuchagua.

PELAGIA: Tarehe sipangi mimi! Lakini kuna orodha ya kusubiri, nitaongea na—

EPIPHANIE: Ijumaa iliyopita namba yangu ulikuwa nayo?

PELAGIA: Mama Alida...

EPIPHANIE: Leo ya kuombea ngoma umeipata.

NDESHI: Mama, ni mama yake Alida? Alida wa kwenye picha?

PELAGIA: Ndeshi, kaa vizuri, funga mkanda.

NDESHI: Nimefunga. Shikamoo, Auntie!

EPIPHANIE: Marahaba, mwanangu. Picha gani hiyo?

NDESHI: Ya shuleni, pale mlangoni. Kubwa! Alida amevaa skafu, anaruka juu. Tunapita hapo every day. Rafiki zangu wananiuliza yuko darasa gani.

EPIPHANIE: Na wewe unawajibu nini?

NDESHI: Nasema I don't know.

EPIPHANIE: Kumbe Alida ameshaingia! Mama Ndeshi, mbona hukuniambia mwanangu ana nafasi?

PELAGIA: Wakati ule mlikubali apigwe picha... Nitaongea nao waitoe. Leo hii, nakuahidi, nikifika tu—

EPIPHANIE: Waitoe waweke ya nani? Iache hapohapo. Pale alifika kwa miguu yake.

PELAGIA: Dada, usikasirike, tuongee kama watu wazima—

EPIPHANIE: Nimekasirika! Nimekasirika tangu Agosti, sikuwa na wa kumwambia. [mlango unafunguliwa, mashine zinanguruma] Haya, msimamizi ananiita.

PELAGIA: Na Jumamosi?

EPIPHANIE: Jumamosi cheza wewe. Ndeshi!

NDESHI: Yes, Auntie?

EPIPHANIE: Leo ukipita pale mlangoni, msalimie Alida. Mwambie mama yake yuko kazini.

NDESHI: Okay, Auntie.

PELAGIA: Mama Alida, subiri— haloo? Haloo? [simu imekatwa]

NDESHI: Mama, nimsalimie kweli?

PELAGIA: Chukua mkoba wako. Tumefika.