Msasa na Kalibu za Mashua ya Zahanati

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Msasa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa pili wa baba seremala na mama mshonaji. Mbele yake alikuwepo kaka yetu mkubwa. Nyuma yake nikafuata mimi ninayesoma. Mama alisema mtoto huyo alizaliwa na kinyaa. Kikombe chenye alama ya kidole alikirudisha jikoni kabla hajaweza kutamka neno "kikombe".

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu useremala mwaka 1981. Mwalimu wake ndiye aliyempa jina la Msasa, kwa kuwa hapakuwa na ubao aliouona laini vya kutosha. Jina likamganda.

Aliajiriwa kwenye karakana ya mashua ndogo za mbao, na kazi yake hasa ilikuwa kalibu. Kwa wasiojua, kalibu ni vipande vya plaiwudi vinavyokatwa kwa umbo la tumbo la mashua na kusimamishwa kwa mstari juu ya boriti. Juu yake hupindwa mbao nyembamba, zikaunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu. Gundi ikikauka, kalibu hutolewa. Ikikosewa hata kwa unene wa ukucha, mashua huzaliwa na kigongo. Marehemu hakushika penseli kabla ya kunawa mikono.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa muuzaji wa duka la mbao. Walijuana siku aliporudisha plaiwudi iliyokuwa na uwazi ndani.

"Dada, nilinunua mbao, sikununua hewa," alimwambia.

"Hewa tumekuongezea," wifi akamjibu. "Hatujakutoza."

Kesho yake alirudi dukani bila shida yoyote ya plaiwudi. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 mapafu yalianza kumsumbua. Hata hivyo alianza mashua ya zahanati, ya kuvushia wajawazito mtoni, kwa sababu ile ya zamani ilivuja hadi mkunga akawa anasafiri na kopo mkononi. Umbo alilibuni mwenyewe, akalichora moja kwa moja juu ya plaiwudi. Kalibu zilikuwa tayari alipozidiwa na kulazwa, Februari 2022.

Hapa niliombwa niruke. Siruki.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikuta kalibu zake zimepigiliwa misumari uani, zimekuwa kuta za banda la kuku. Aliyezipigilia ni kaka yetu. Kinyesi kilikuwa kimeganda juu ya mistari ya penseli, manyoya yamenasa humo, na moja ilikuwa imetobolewa mlango.

"Mbona hukuuliza?" marehemu alimwambia.

"Ningemuuliza nani?" kaka alijibu, huku akitafuna. "Tuliambiwa hurudi."

Nimetafuta neno la heshima la kueleza nilichokisikia tumboni, sijalipata. Kilikuwa kichefuchefu. Wala si cha kuku. Kuku hana choo kingine. Kilichonichefua ni mtu kuanza kugawa vitu vya ndugu yake aliye hai, tena akiwagawia kuku.

Marehemu aliomba ndoo ya maji na kisu butu. Alipokaribia banda alitapika. Wifi akamwambia akae, atazikwangua yeye.

"Utakwangua na mstari," alisema.

"Basi nioneshe ulipopita."

Wakafanya pamoja, yeye akionesha kwa ukucha, mkewe akikwangua taratibu, uchafu ukiwafika viwikoni, hadi mistari ikajitokeza. Wakanakili kila umbo kwenye plaiwudi mpya. Kwa ile iliyotobolewa, alipinda ufito mwembamba juu ya kalibu zilizopakana nayo, nao ukamwonesha ulikopita mstari uliopotea.

Mashua iliingia majini tarehe 3 Septemba 2022. Kaka yetu alipigwa picha akiwa mbele kabisa, mkono juu ya ubavu wa mashua, akiwaambia watu, "Sisi mafundi tumehangaika." Marehemu alikaa kando kwenye kiti, akaitazama ikielea wima na mkunga ndani, bila kopo.

"Imenyooka," alimwambia mkewe.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 21 Septemba 2022, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na dada mmoja. Wiki yake ya mwisho nilimwambia kwamba kaka yetu sitamtaja. Akasema, "Mtaje. Ukimwacha, watu wataulizana, na siku nzima mtamzungumzia yeye msibani kwangu."

Nimemtaja. Hakuniambia nimtaje vipi.

Ameacha pia kaka mmoja.

Mungu amlaze mahali pasafi, na huko apumzike kwa amani.