Mpira wa Mkojo Alioupasua Mama Vioo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona, ingawa huenda yeye aliwahi kuuona mkojo wenu. Msinune, ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe. Alikuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Miaka thelathini na mmoja, chumba kimoja cha chini, dirisha lake likitazamana na miguu ya wapita njia. Wauguzi walimwita Mama Vioo, kwa sababu ya vipande vya kioo alivyoviweka chini ya darubini.

"Ninyi mnaona sura za wagonjwa," aliwatania. "Mimi naona siri zao."

Alifariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na minne.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka tisa iliyopita mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, alianguka kutoka juu ya paa, akaumia uti wa mgongo. Miguu ikafa ganzi. Mkojo haukutoka wenyewe. Akawekewa mpira wa mkojo, ule unaoishia kwenye mfuko kando ya kitanda. Wiki ya tatu homa ikapanda, na sampuli ikashushwa maabara. Aliyeipokea ni dada yake.

Mama Vioo akaotesha bakteria wa mkojo ule kwenye sahani ya maabara, akawajaribu kwa dawa. Wakafa wote. Akaandika: dawa inafaa. Akatia saini.

Mgonjwa akapewa dawa, homa ikashuka. Siku nne tu, ikarudi. Sampuli ya pili, jibu lile lile. Muuguzi mmoja mtu mzima akashuka ngazi kumuuliza: "Mama Vioo, si tubadilishe mpira pia?"

"Dada, sahani haidanganyi. Endeleeni na dawa."

Homa iliporudi mara ya tatu, bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu. Fundi akakata roho saa nne asubuhi. Miaka arobaini na mmoja. Mkewe alikuwa ametoka kidogo kufuata shuka safi.

Mama Vioo hakulia mbele za watu. Aliomba apewe ule mpira. Akaupasua kwa wembe, mwanzo hadi mwisho. Ndani mlikuwa na utando wa kijivu, unateleza kama kamasi. Kipande akakipeleka kwa watafiti wenye darubini kubwa ya elektroni, na baada ya mwezi akaletewa picha.

Aliwahi kunieleza picha ile, hapa hapa studio. Alisema: "Bakteria wale wana vinyweleo. Kila kinyweleo ni vipande vya protini vilivyopangana kama shanga, vikajisokota kama springi. Nchani kuna kishikio, na hicho ndicho kinachonasa. Mkojo ukipita kwa nguvu, kinyweleo kinanyooka, hakikatiki. Nguvu ikipungua, kinajikunja tena. Wakishanasa kwenye mpira wanashikana wenyewe kwa wenyewe, wanazaana, wanajifunika ute. Dawa inawaua wa juu. Wa chini wanasubiri."

Kisha akaongeza: "Kwenye sahani nilipima waliokuwa wakielea tu. Wenye nyumba sikuwaona."

Narudia, wapendwa: dawa ilikuwa sahihi. Mpira ndio ulipaswa kutolewa. Na kuna mtu aliuliza.

Mama Vioo akapiga moyo konde, akaenda kwa mjane wa mdogo wake na picha mkononi. Mjane mwenyewe ametusimulia: "Alikaa kwenye kochi, hata maji hakuyagusa. Akasema, 'Wifi, karatasi ile niliiandika mimi. Waliniuliza kuhusu mpira, nikawanyamazisha.' Nikamwambia atoke. Nikafunga mlango."

Mlango ule ulifungwa miaka minane.

Miaka hiyo, kila asubuhi kabla ya kuvaa koti lake jeupe, Mama Vioo alipanda wodini. Kitanda hadi kitanda. Mpira huu umewekwa lini? Bado unahitajika? Daktari mmoja alimwambia mbele ya wagonjwa, "Mama, rudi kwenye vioo vyako." Kesho yake alipanda tena. Mwishowe hospitali ikaweka utaratibu: mpira usikae bila tarehe, wala bila sababu. Homa zikapungua. Watu wakampongeza. Binti wa marehemu fundi anasema, "Shangazi akiambiwa hongera, alikuwa anainuka na kutoka."

Halafu moyo ukachoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuhesabu. Hakuwa na mtoto. Binti yule akamwambia mama yake kwamba shangazi hawezi tena kuvua viatu. Mjane akafunga safari. Akakaa naye miezi kumi na moja, akimpikia, akimgeuza kitandani.

Nilimuuliza: ulimsamehe?

"La," alisema. "Aliniuliza hilo mara moja, nikiwa namwogesha. Nikamwambia, 'Wifi, inua mkono huu.' Akainua."

Mama, na wewe binti, poleni sana. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe. Wenye mgonjwa aliyewekewa mpira, msiuguse wenyewe, lakini muulizeni muuguzi bila aibu. Nasi sote tujiulize: nani kati yetu angekwenda kubisha hodi kwenye nyumba yenye msiba na kusema, ni mimi? Mtangazaji wenu nimejiuliza wiki nzima. Sijapata jibu la kujivunia.